Aliyeikagua Landrova Yetu Njia ya Mikumi

Wapo watakaosema nilikuwa na homa, au nilisinzia kwenye usukani. Sikuwa na homa wala usingizi. Nilikuwa nimekunywa chai na kula muhogo wa kuchemsha, niliangalia saa nilipowasha gari, na niliangalia tena tulipouacha mji wa Kilosa nyuma yetu. Ndivyo nilivyo, huangalia saa na kukumbuka. Haya yalinipata mchana kweupe, na ninaye shahidi. Shahidi wangu ni mama yangu mzazi, ambaye sijawahi kumsikia akiongopa hata kwa mzaha.

Lakini nianze na gari, kwa sababu bila gari hutaelewa kosa langu.

Landrova yetu ni ya marehemu baba. Imenizidi umri, na mimi nina wajukuu. Mlango wa dereva haufungi mpaka uusukume kwa goti, na sakafu ina tundu ambalo ukichungulia unaona barabara ikikimbia. Hata hivyo, haijawahi kutulaza njiani. Imevuka mito iliyowashinda watu wenye magari mapya, imebeba maharusi na maiti, na watu wa mtaani wameizoea hata wanaiita Babu. Nilikuwa nikijisifu nayo. Sasa najua kwamba gari likikutumikia miaka mingi bila kulalamika unaanza kuliamini kama ndugu, nawe unaacha kulitazama.

Mama alikuwa na presha ya macho. Jicho la kulia lilikuwa linaona kwa shida, la kushoto lilikuwa linafifia, na tuliambiwa wazi kwamba bila upasuaji jicho hilo litazimika na halitarudi. Madaktari bingwa wa macho walikuwa wanakuja hospitali moja ya Mikumi kwa siku mbili tu, na jina la mama lilikuwa kwenye orodha ya siku ya pili, asubuhi. Ukikosa zamu unangoja mpaka waje tena. Pikipiki mama asingeiweza, na basi lingemtingisha. Nikasema nitampeleka na Babu. Kasoro ilikuwa moja: cheti cha ukaguzi kilikuwa kimeisha muda, na Mikumi ipo kwenye barabara kuu, ambako trafiki hawana masihara na magari ya zamani.

Nikampelekea fundi wangu, Fundi Shomari, mtu mcheshi ambaye mikono yake inajua kila nati ya gari lile. Alizunguka gari, akalala chini, akatoka anacheka. Akasema Landrova hii itatuzika sote. Kisha akanieleza ukweli. Matairi mawili ya mbele yalikuwa yameisha hata kucha isingeingia kwenye meno yake. Na mpira wa breki wa gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, ulikuwa unavuja. Mpira mwingine wa aina ile ungepatikana Morogoro, labda baada ya wiki.

Sisi huku tuna desturi, na sidhani kama wewe unayesoma hujawahi kuiona. Siku ya ukaguzi gari huazimwa viungo, kama bwana harusi anavyoazimwa koti. Jirani yangu anayebeba mahindi kwa gari alinipa matairi yake mawili kwa saa tatu. Breki, Fundi Shomari akaukunja ule mpira unaovuja na kuubana kwa waya, ili mafuta yasifike kwenye gurudumu lile. Ukikanyaga, pedali inakuwa ngumu, gari linasimama. Linasimama kwa miguu mitatu, lakini nani atajua?

Mkaguzi alifanya kazi yake, simlaumu hata kidogo. Alipima taa, honi, waipa na usukani, akaliendesha na kukanyaga breki mara mbili. Akaniuliza kama huyu babu hapendi kustaafu. Tukacheka. Akaandika kwamba usukani unacheza kidogo, matairi yamepita, breki zimepita. Jioni ile nikamrudishia jirani matairi yake. Waya sikuutoa. Nilijiambia nitautoa tukirudi kutoka Mikumi.

Tuliondoka saa kumi na mbili na robo asubuhi, mama akiwa kiti cha mbele, kanga begani, chupa ya chai mapajani. Masika yalikuwa yameanza. Tulipopita kijiji cha Ulaya mvua ya rasharasha ilianza kuanguka, na barabara ilikuwa tope jekundu. Saa mbili kasoro dakika kumi, mahali ambapo njia inapita porini kabla ya kuteremka mtoni, nilimwona mtu katikati ya barabara ameinua mkono.

Hakuwa trafiki. Alivaa kaptula ya kaki na soksi ndefu zinazofika magotini, mavazi ambayo mimi niliyaona mara ya mwisho kwenye picha za ukutani. Alionekana kijana, labda wa miaka thelathini. Nikadhani ni askari wa wanyamapori. Lakini nilipokaribia niligundua jambo: mvua ilikuwa inanyesha, na mtu yule alikuwa mkavu. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Buti zake hazikuwa na tone la tope.

Kwa nini nilisimama? Nimejiuliza mara nyingi. Mkono ule ulikuwa wa mtu aliyezoea kutiiwa, na mimi nilikuwa na hatia. Mwenye hatia husimama hata asipoamriwa.

Akaja dirishani kwangu. Nikamwamkia "Habari za kazi," kwa kuwa alikuwa mdogo kwangu. Hapo mama, ambaye hakuwa anaona zaidi ya kivuli, aligeuza uso kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Yule mtu akasema, "Karatasi ya ukaguzi."

Na mama yangu, bibi kizee wa miaka themanini, akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo."

"Marahaba, binti Salumu," kijana yule akajibu.

Salumu ni babu yangu. Alikufa kabla sijazaliwa. Nilitaka kuondoa gari, lakini mkono wangu ulikuwa tayari unampa karatasi.

Akaisoma taratibu. Matone yalianguka juu ya karatasi ile na hayakuilowesha. Akatazama magurudumu ya mbele, akaniuliza kama matairi yale ndiyo yaliyoandikwa. Nikaushika usukani. Akauliza tena kwa sauti ileile, haikupanda wala kushuka. Nikasema hapana.

"Zima. Weka gia. Usishuke."

Nikazima injini. Kukawa kimya kabisa, hata mvua juu ya bati la gari sikuisikia tena, ingawa niliiona inaanguka. Akalala chini kwenye tope, akaingia uvunguni. Niliegemea dirishani nikaziona buti zake zimebaki nje, vidole juu. Kisha nikaanza kusikia chuma kikigonga chuma. Ngo, ngo, ngo. Hakuwa ameshika kitu mkononi, nilimtazama vizuri. Mlio ule ulianzia mbele kulia, ukahamia kushoto chini ya miguu ya mama, ukaenda nyuma, na buti zilikuwa bado palepale, hazikusogea hata inchi.

"Kanyaga," akasema kutoka chini.

Nikakanyaga breki. Ilikuwa ngumu.

"Kanyaga tena."

Ngumu. Nikachungulia lile tundu la sakafu. Nilitegemea kuona tope, au shati la kaki. Niliona jicho. Lilikuwa linanitazama bila kupepesa.

Niliinua uso haraka, nikamshika mama mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto, wangu wa barafu. Mama akaninong'oneza, "Baba, mjibu ukweli anachokuuliza. Usimdanganye huyu."

"Umembeba nani?"

Swali hilo halikutoka chini ya gari. Lilitoka nyuma yetu, ndani, kwenye viti vya nyuma ambako kulikuwa na mkeka na kikapu tu. Nilisikia pumzi yake shingoni, na ilinukia breki zilizoungua. Sikugeuka. Mpaka leo namshukuru Mungu kwamba sikugeuka.

"Mama yangu," nikasema.

Kisha akasema, polepole, kama mtu anayehesabu tena jambo alilolihesabu mara elfu:

"Mimi niliwabeba kumi na mmoja. Kanyaga."

Nikakanyaga. Pedali ilizama mpaka sakafuni, laini kama mguu unaoingia majini.

Sauti ya mvua ikarudi ghafla juu ya bati. Sijui nilikaa muda gani. Saa yangu ilisema saa mbili na dakika ishirini. Nilipoweza kushuka hapakuwa na mtu, na kwenye tope lile laini hapakuwa na alama ya mgongo, wala ya buti, isipokuwa nyayo zangu mwenyewe. Juu ya boneti kulikuwa na ule waya wa Fundi Shomari, umekunjuliwa na kunyooshwa kama uzi wa kushonea. Mafuta ya breki yalikuwa yanachuruzika kwenye gurudumu la nyuma. Na mbele ya magurudumu yote mawili ya mbele kulikuwa na mawe makubwa, yamesukumwa kwa nguvu yashike. Mimi sikuyaweka.

Nikatembea hatua kama mia hivi mbele. Hapo ndipo mteremko unapoanza, na chini yake daraja jembamba, na maji ya mto yalikuwa yamefika juu yake, mekundu, yanakimbia. Ningeteremka pale kwa kasi yangu ya kawaida, ningekanyaga kwa nguvu, na waya ule ungefyatuka. Nilikaa chini kwenye tope nikalia.

Mama alinieleza tukiwa tunangoja msaada. Alipokuwa msichana kule Ulaya, palikuwa na dereva wa lori la pamba, kijana nadhifu, aliyekuwa akiwapa watu lifti juu ya marobota siku za mnada. Alijua breki za lori ni mbovu, akasema zitavumilia safari moja zaidi. Hazikuvumilia mteremko ule, na hakupona mtu. Mama alitakiwa kupanda siku ile, baba yake akamkataza. Rafiki zake wawili walipanda. Sauti ya dereva yule, mama anasema, hakuisahau, na alipoisikia dirishani alimwamkia kama alivyofundishwa kumwamkia mkubwa.

Trekta lilitupata saa tano, likatuvuta na kutuvusha daraja. Tulifika Mikumi saa nane na nusu mchana. Zamu ya mama ilikuwa imepita, wapasuaji walikuwa wanafunga vifaa vyao. Niliomba, nikapiga magoti mbele ya muuguzi. Alisikitika, lakini orodha ilikuwa imefungwa. Madaktari waliporudi baada ya miezi mingi waliliokoa jicho la kulia. La kushoto lilikuwa limezimika.

Jicho hilo silidai kwa yule wa uvunguni. Nalidai kwangu mimi. Kama ningesema ukweli siku ile Kilosa, gari lingekatazwa, ningetafuta njia nyingine, na mama angefika asubuhi. Nilimwambia hivyo, nikaomba radhi. Akasema amenisamehe. Lakini sasa, kila siku ninapotaka kutoka, hunisimamisha kizingitini na kunitazama kwa lile jicho moja, naye hasemi kitu mpaka niseme mwenyewe kwamba nimelala chini nikaangalia.

Landrova nimeitengeneza yote, mpira kwa mpira. Njia ile siipiti tena. Na kila ninapokanyaga breki, hata kwenye gari la mtu mwingine, hata mjini penye watu, kwa nukta moja nasikia pumzi shingoni ikingoja kuona pedali itaishia wapi.

Basi wewe mwenye gari, hasa la zamani unalolipenda, cheti unaweza kukipata kwa matairi ya jirani. Lakini kabla hujampakia mtu wako, tandika gunia, lala uvunguni, uangalie kwa macho yako. Ukimwachia mwingine alale, usiulize ni nani.