Kipara cha Meneja

Kinyozi asiyejua kupiga soga ni kiumbe adimu, na huyu alikuwa adimu kweli. Wateja walimpa jina la Kimya, na jina likamkaa sawasawa. Ukiingia dukani mwake, alikuonyesha kiti kwa mkono. Ukimuuliza habari za nyumbani, alisema "nzuri" na kuwasha mashine. Akimaliza alikushikia kioo nyuma ya kichwa na kuinua nyusi, maana yake: umeridhika? Mazungumzo yake yote yaliishia hapo. Sasa utajiuliza, ilikuwaje benchi lake lijae watu kila siku, huku vinyozi wenye midomo yao mtaa wa pili wakipiga miayo? Jibu lilikuwa limelala mlangoni, na lilikuwa na mkia.

Huyo ndiye Meneja, mbwa wa rangi ya kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala. Mteja akifika, Meneja aliinuka, akamnusa viatu, akamsindikiza mpaka kwenye benchi, kisha akarudi kwenye zamu yake mlangoni. Basi watu wakawa wanaongea naye. "Meneja, leo nina haraka." "Meneja, huyu bosi wako juzi kaninyoa upande upande, muonye." Watu walicheka, na Kimya naye alitabasamu huku akipangusa kitana. Hata yeye alipokuwa na la kusema, alimtuma mbwa. "Meneja, mwambie mzee ainamishe kichwa." Mzee alikiinamisha, na kazi ikaendelea.

Palikuwa pia na dereva mmoja mstaafu, kichwa chake hakina hata unywele wa dawa, lakini kila asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye benchi. Alidai anakuja kunyoa ndevu. Ndevu zenyewe ungezihesabu ukiwa umesimama ng'ambo ya barabara. Alikuja kuongea na Meneja, na kila mtu alijua.

Kisha Meneja akaanza kujikuna.

Alianza mgongoni, karibu na mkia. Alijigeuza, akajitafuna kwa meno ya mbele, akahema, akaanza upya. Haukupita muda nywele zikamtoka pale mgongoni, akabaki na kiraka kitupu. "Karibu chamani, ndugu yangu," dereva mstaafu alimwambia huku akijipapasa kipara chake, na duka zima likavunjika mbavu. Lakini kicheko hicho hakikudumu. Tumbo nalo likawa jekundu. Siku moja mama mmoja aliyemleta mwanawe kunyolewa alisimama mlangoni, akamtazama Meneja, akamvuta mtoto mkono na kugeuza njia. "Upele huo," alisema, na alisema kwa sauti.

Kimya alifanya kile ambacho kinyozi yeyote angefanya: alimtibu mbwa kama mteja. Alimuosha kwa shampuu ya dukani, ile yenye harufu ya maua. Akampaka spiriti palipochubuka, Meneja akaruka na kujichimbia chini ya benchi. Akamnyunyizia poda. Meneja akatoka pale ananukia kama bwana harusi, na kujikuna kukazidi.

Habari zikamfikia mama mwenye jengo. Huyu alikuwa mwanamke wa sauti nzito, na usafi kwake haukuwa na mzaha. Wapangaji wake wote aliwagawia dawa ya sakafu yeye mwenyewe, madumu kwa madumu, dawa ya kijani iliyokufanya upige chafya ukiwa bado barabarani. Aliingia dukani, mikono kaificha ndani ya mtandio, akasimama mbali na mlango.

"Kimya, mimi nakuheshimu," alisema. "Lakini huyo mbwa ana upele, na wenzako wanalalamika. Mwisho wa mwezi nakuja. Nimkute hana upele, au nisimkute kabisa. Na hii sakafu uipige deki asubuhi na jioni. Usitie maji, maji yanaua nguvu ya dawa."

Kimya alikuwa na mengi ya kusema. Yalimpanda mpaka kooni, yakasongamana, likatoka moja tu. "Sawa, mama."

Nyumbani mkewe hakuamini masikio yake. "Sawa, mama? Basi?"

"Ningesema nini?"

"Ungesema huyo mbwa ndiye mdomo wako! Ungesema akiondoka, watu watakuja dukani kuangalia ukuta!" Mkewe alivuta pumzi. "Kesho tunampeleka kwa daktari wa mifugo. Na mimi nakuja, maana wewe utamuonyesha daktari kiti tu."

Daktari alikuwa dada mmoja kijana, mikono ya koti kaikunja mpaka kwenye viwiko. Alimkwangua Meneja ngozi kidogo kwa kisu butu, akapaka kile alichokipata kwenye kioo, akainamia hadubini yake. Kimya alisimama roho juu, kamshika mbwa shingo. Daktari alikwangua tena mahali pengine, akaangalia tena, kisha akainua kichwa.

"Sioni wadudu wa upele," alisema. "Naona ni mzio, na huo hauambukizi mtu. Ngozi yake inagombana na kitu. Ama kinachomuuma, ama anachokula, ama anachokigusa. Kazi yetu ni kukikamata."

Hauambukizi! Kimya alitaka kumkumbatia. Alimkumbatia mbwa.

Daktari alipitisha kitana chembamba mgongoni mwa Meneja, akakung'uta vumbi jeusi juu ya pamba yenye maji. Vumbi likaanza kutoa wekundu. "Mnaona? Hiki ni kinyesi cha kiroboto, ndani yake mna damu. Mbwa mwingine anabeba viroboto mwili mzima na halalamiki. Huyu, wachache tu wanamtosha kujing'oa nywele. Mmekuwa mkimuosha kwa kitu gani?"

Kimya akatazama viatu vyake. Mkewe akamwaga yote: shampuu ya maua, spiriti, poda. Daktari alijitahidi asicheke, akashindwa. Halafu akawa makini. Marufuku sabuni za watu, marufuku spiriti. Alimdondoshea Meneja dawa ya viroboto kati ya mabega, akawapa vidonge vya kupunguza muwasho na shampuu ya mbwa, ya kupaka na kuacha ikae kidogo kabla ya kusuuza. Tandiko lake lifuliwe kwa maji ya moto. Na ale chakula chake tu, asiguse cha mtu, ili kama shida ni chakula ijulikane.

"Na anapolala mchana, pasafi?"

"Safi kabisa, daktari," Kimya alisema kwa majivuno. "Napiga deki asubuhi na jioni." Lilikuwa jibu refu kuliko yote aliyotoa siku ile.

Hekaheka ikaanza. Mkewe alibandika tangazo ukutani: MENEJA HALI VYA WATU. Dereva mstaafu akajiteua mlinzi, na mtu akitoa mkate mfukoni alimfuata kwa macho mpaka tonge la mwisho. Meneja alioga nyuma ya duka, povu mpaka masikioni, na Kimya akisimama juu yake kama anapika ugali wa wageni, haondoki. Kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha, alipiga magoti kukagua kile kiraka cha mgongoni.

Ndipo siku moja, mteja yuko kitini, kichwa nusu kimenyolewa, Kimya akatupa jicho mlangoni ambako jua lilimpiga Meneja mgongoni.

"Zinaota!"

Watu waliruka. Sauti ile hawakuwahi kuisikia. Kimya alikuwa ameshafika mlangoni, mashine ingali inanguruma mkononi, waya umenyooka mpaka mwisho. "Zinaota! Njooni muone! Hizi hapa!"

Na kweli, mgongo ulikuwa umeanza kutoa vinywele laini vya kahawia. Dereva mstaafu aliinama, akavishika kwa kidole. "Msaliti wewe," alimwambia Meneja, macho yakimlengalenga. "Umetoka chamani bila kuaga."

"Na zangu je?" aliuliza mteja wa kitini. Hakuna aliyemsikia.

Lakini tumbo halikupona. Mgongo ulivaa nywele na tumbo likazidi kuwa jekundu, na sasa Meneja alilamba nyayo mpaka zikalowa. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia. Mkewe ndiye aliyeona jambo. "Jumapili akishinda hapa nyumbani, anatulia," alisema. "Jumatatu jioni akirudi kutoka kwako, analamba miguu. Huko dukani mnamfanya nini?"

Maneno hayo yalimchoma Kimya. Kesho yake alimlaza Meneja chali katikati ya duka na kumtazama kama anavyotazama kichwa cha mteja, polepole, toka upande huu mpaka upande ule. Kidevu, chekundu. Kifua, viwiko, tumbo, nyayo, vyekundu. Ubavuni wekundu ulikoma ghafla, kwenye mstari, kama mtu kaupima kwa wembe. Juu ya mstari hapakuwa na kitu. Kimya alishawahi kuona mstari wa namna ile, shingoni mwa wateja, pale taulo lisilosuuzwa vizuri linapoishia.

Taulo la Meneja lilikuwa lipi? Alitazama chini. Sakafu ilikuwa bado mbichi kwa deki ya asubuhi, inang'aa, ya kijani.

Kimya, mtu ambaye simu ikilia humpa mkewe, alimpigia daktari yeye mwenyewe. "Daktari, ni sakafu!"

"Sakafu imefanyaje?"

"Anaigusa! Ulisema anachokigusa! Analala juu yake kutwa, na mimi naimwagia dawa asubuhi na jioni!"

Kule upande wa pili daktari naye alipandisha sauti. "Hiyo dawa unaichanganya na maji?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Tumekatazwa."

"Basi unamlaza mbwa juu ya dawa kali, kaka yangu! Suuza sakafu kwa maji mengi, msuuze na yeye, mtandikie kitu kisafi. Piga deki kwa sabuni ya kawaida, suuza, na asikanyage mpaka ikauke. Kama tumepatia, tumbo lenyewe litatuambia."

Alisuuza mpaka maji yakatoka barabarani. Wateja walishika mafagio, dereva mstaafu akapandisha suruali na kuongoza kikosi. Meneja aliwatazama toka juu ya tandiko jipya kama bosi kweli. Na tumbo likasema. Wekundu ulififia siku baada ya siku, nyayo zikakauka, na Kimya alizunguka na furaha isiyomtosha kifuani. Kitu kimoja tu kilimkosesha usingizi: ameacha dawa ya mama mwenye jengo, na pua ya mama haikuwa ya kudanganywa.

Mwisho wa mwezi alikuja. Alisimama palepale, mikono ndani ya mtandio, akanusa.

"Mbona hapanukii? Hukupiga deki?"

Kimya alizima mashine. "Meneja," alianza, "mwambie mama..." Akakwama. Meneja alimtazama, sikio moja juu. Mbwa hakuwa na la kumsaidia. Kimya akaliweka taulo chini na kumgeukia mama mwenyewe.

"Mama, nimepiga deki, ila si kwa dawa yako. Naomba unisikilize. Huyu mbwa hana upele, hakuwa nao. Alikuwa na viroboto, na mwili wake haupatani navyo, tukavitibu, ona mgongo, shika, nywele hizi! Halafu tumbo. Tumbo liligoma, tukafikiri chakula, tukamfunga mdomo na dereva shahidi, wapi! Kumbe ni mimi. Mimi na deki yangu. Dawa ile ni kali, mama, tunaimwaga bila maji, na yeye analala juu yake. Nilipoisuuza, akapona. Tazama." Alimlaza Meneja chali. Tumbo lilikuwa kavu, limetulia, vinywele vimeanza.

Watu walimtazama Kimya, hakuna aliyemtazama mbwa.

"Kwa hiyo dawa yangu ndiyo iliyomuunguza?" aliuliza mama mwenye jengo. Kwa hasira alichomoa mkono kwenye mtandio ili amnyooshee kidole.

Kimya aliuona ule mkono. Ulikuwa mwekundu, umepasuka kwenye viungo, na wekundu ulikomea juu kidogo ya kifundo, kwenye mstari.

"Mama," alisema taratibu, "na wewe?"

Mama aliurudisha mkono haraka. "Ni baridi tu hii."

"Unawasha jioni, ukimaliza kupiga deki ngazi?"

Mama mwenye jengo alitazama benchi, akatazama sakafu. "Usiku silali," alisema, na ile sauti nzito haikuwepo tena. "Nimepaka kila mafuta. Nikaogopa na mimi nina upele, watu wasije wakanikimbia."

Kimya hakumuonyesha kiti kwa mkono. Alimshika kiwiko, akamketisha. Akaleta beseni la maji safi, akaitumbukiza mikono yake humo mmoja mmoja, na huku anaongea. Kwamba yeye ni kinyozi tu, mama aende hospitali wamuangalie. Kwamba avae glavu, na dawa iingie maji. Kwamba ngozi haidanganyi, ukiitazama bila haraka inakuonyesha mpaka ilipoguswa. Meneja aliinuka, akamnusa mama viatu, akajilaza miguuni pake. Mama hakuivuta miguu.

"Mbwa abaki," alisema. "Na dawa nitawaambia wote waichanganye."

Kimya hata hakusikia. Alikuwa ameshafika kwenye habari za kinyesi cha kiroboto juu ya pamba.

"Meneja," aliita dereva mstaafu toka kwenye benchi, "mwambie bosi wako apumue."

"Mwache," alisema mama mwenye jengo, mikono yake ingali majini. "Mwache aseme."

Na Kimya akaendelea kusema.