Simu Niliyoipita

Chumba cha mashine ya simu kilikuwa nyuma ya bohari, kidogo kiasi kwamba nikikaa magoti yangu yaligusa mlango. Kilivuma taratibu mchana kutwa, na vitaa vya kijani vilipepesa kila mtu alipoongea. Nilikipenda chumba kile. Alasiri, joto la bati likianza kushuka, nilikuwa kama mtu anayelala macho wazi, naziona sauti zikipita: mteja wa Lubumbashi anaulizia pampu, dereva amekwama Mulungwishi, mke wa mhasibu anataka chumvi. Umeme wa bwawa la Mwadingusha ukikatika, ukimya uliniingia mwilini nami nikaamka.

Tuliuza vipuri vya malori na pampu za migodini. Simu zetu zilikuwa zimeachana na waya wa zamani, zikawa za mtandao, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kuzilinda. Watu hawaamini kwamba simu huibwa ikiwa imekaa mezani. Mwizi hahitaji kufika kwetu Likasi. Akiijua siri ya simu moja tu, lile neno la kuifungulia, anaingia kwa mtandao kutoka huko aliko, anajifanya yeye ndiye simu ile, kisha anapiga ng'ambo kwa jina lenu. Na fundi aliyetufungia simu alikuwa ameacha siri ya kila simu iwe namba yake yenyewe. Simu ya kumi na mbili, siri yake kumi na mbili. Nilipogundua nilipiga ndoo teke.

Wiki nzima nikapita ofisi kwa ofisi. Niliwaambia wachague maneno marefu, wasitumie majina ya watoto, wasiandike siri chini ya simu, wasimpe mtu wa tatu hata akiwa mimi. Mhasibu alinung'unika. Mkuu wa bohari alitaka kuweka jina la timu yake, tukabishana hadi akachoka. Nina mdomo, nakiri.

Ikabaki simu ya mapokezi. Aliyekaa pale alikuwa mama mkwe wangu.

Alifika kazini miaka mingi kabla yangu. Binti yake nilimwona akimletea chakula, na mengine yakafuata. Kwetu mwanamume hamkaribii mama wa mkewe. Hamtazami usoni, hali mbele yake, hakai alipokaa. Wengi mjini wameshaacha na wanatucheka, lakini familia yetu haijaacha. Basi nilipita mlango wa pembeni kila asubuhi, na nikimkuta ukumbini niligeukia ukuta hadi viatu vyake vimalize kupita. Kwa simu tulisalimiana tu, zaidi ya hapo ilikuwa kukosa adabu. "Jambo, mukwe." "Jambo, mama." Kisha mmoja wetu alikata. Lakini kitaa chake nilikijua kati ya vyote. Siku nyingine nilikaa nakitazama kikipepesa, nikijua anamtuliza mteja mkali kwa ile sauti yake nzito, na moyo wangu ulitulia pamoja na mteja.

Sasa ningeinamaje juu ya meza yake nimwambie habari za siri? Ningeweza kuibadilisha siri yake kutoka kwenye mashine, lakini ningelazimika kumpelekea ile mpya. Ningeweza kumtuma mke wangu, lakini mtu wa tatu nilikuwa nimemkataza mwenyewe. Nikasema nitatafuta njia. Miezi ikapita, chumba kinavuma, nami nasinzia.

Jumatatu moja tulikuta simu zote zimekufa. Nilifungua orodha ya mazungumzo. Jumapili nzima, sisi tukiwa misani, watu wasiojulikana walikuwa wamepiga visiwa ambavyo sijawahi kuvisikia, wote kwa simu ya mapokezi, hadi kampuni inayobeba mazungumzo yetu ikatukatia.

Patron, mwenye kampuni, aliniita. Hakupandisha sauti.

"Mwenye aliacha mulango wazi, ataenda kwake. Niambie ni simu ya nani, poste ya nani."

Nilijua jina alilotaka. Mama mkwe ni mjane, na kiti kile ndicho kilichomlisha yeye na wajukuu wawili. Tena alikipenda. Bila ile meza angekaa nyumbani akisikiliza kuku.

"Poste ni ya réception, patron. Lakini kosa ni yangu. Zingine zote niliangalia, ile sikuiangalia."

Mama akabaki kwenye kiti chake. Simu akapewa kijana wa Lubumbashi, kufuli la chumba changu likabadilishwa, nami nikapelekwa bohari kupanga bolti. Niliumia. Alasiri nilijikuta nimesimama kati ya rafu nikitafuta ule mvumo kwa masikio, nao haupo.

Jumamosi mke wangu akaniambia mama ananiita. Njiani nilijitayarisha kukataa shukrani kwa adabu. Nilimkuta uani kwake, amekaa na kikapu cha sombe, anachambua majani hayo ya muhogo, na mke wangu akaanza kutwanga kando. Nikachuchumaa mbali, nikampa mgongo.

"Mukwe, unisikie."

"Niko nasikia, mama."

"Kule ku kazi, bantu bote ulibafundisha. Hata sentinelle ya ku mulango ulimufundisha. Minye peke yangu ulinipita."

"Ilikuwa heshima, mama."

"Minajua ni heshima. Lakini ile heshima yako iliniacha inje, na mwizi alinikuta palepale. Sasa weye kazi yako imekwisha juu yangu. Na mpaka leo, hakuna mutu mwenye alinionyesha namna ya kufunga."

Mke wangu aliacha kutwanga. Niliona aibu kuliko siku ile mbele ya patron, kwa sababu patron nilimwambia kosa langu bila kulielewa. Nilikuwa nimemheshimu hadi nikamwacha peke yake.

Nikainuka, nikavuta kiti kidogo, nikakigeuza. Nikakaa ubavuni mwake, simu yangu mkononi.

"Mama, tuanze na neno lenyewe," nikasema. "Ikuwe ndefu, na usiniambie."

Akasogeza kikapu ili nipate nafasi.