Siku Mama Alipopuliza Pembe la Msaragambo

Kwenye msiba wa mama mwaka jana, kila aliyesimama kuongea alisema marehemu alikuwa mpole. Mpole! Nilikaa pale mkekani nikijiuma midomo. Mama yangu alikuwa mwema, mchapakazi, na alinipenda mpaka nikaona aibu mbele ya wenzangu, lakini upole hapana. Huyo mpole wao mimi sikuwahi kuishi naye.

Alikuwa nesi, Mrundi. Alimzika baba yangu huko kwao, akanibeba mgongoni, akavuka mpaka. Tulikaa Kigoma, tukakaa Tabora, na kila mahali tuliondoka kabla sijazoea majina ya majirani. Zahanati ya kanisa huku Mhezi, juu kwenye milima ya Upare, ilipotafuta nesi asiyeogopa baridi wala miteremko, mama akaja. Nilikuwa na miaka kumi. Aliniambia anataka jambo moja tu hapa duniani: nikiulizwa kwetu ni wapi, nijibu bila kufikiri.

Sasa, Mhezi ina utaratibu wake. Kazi za wote, kama mifereji, barabara na ndiva, lile bwawa la kuhifadhia maji ya kumwagilia, hufanywa kwa msaragambo. Mzee msimamizi hupuliza pembe la tandala, na kila nyumba hutoa mtu na jembe. Usipotokea, unatozwa faini. Pembe hilo haliguswi na mwanamke wala mgeni, na halilii kwa jambo jingine lolote. Mwaka uliotangulia, mwalimu mmoja wa kuja alifungulia maji ya ndiva bila ruhusa mara mbili, tena kwa ajili ya bustani yake ya mchicha. Hakupigwa, hakutukanwa. Aliombwa kwa adabu arudi kwao, akarudi. Mama aliijua vizuri habari hiyo, maana nyumba tuliyopewa ndiyo ilikuwa ya mwalimu huyo.

Masika yakaja na hasira zake. Asubuhi moja jirani yetu, mwanamke aliyezoea kutuletea makande, aliletwa zahanati akiwa na uchungu. Mtoto alikuwa amekingama tumboni. Mama alimpapasa tumbo, uso ukambadilika. "Huyu ni wa kupasuliwa," alisema. "Ni hospitali ya Same, na ni leo." Lakini mlima ulikuwa umeporomoka, barabara imekatika, na gari la kanisa lilikuwa limekwama ng'ambo ya maporomoko. Simu hazikushika. Mume wa yule mama alitoka mbio kuita watu nyumba kwa nyumba, kwa kuwa ndivyo desturi ya kubeba mgonjwa ilivyo. Wanaume wenyewe walikuwa wametawanyika kwenye mashamba ya tangawizi. Mama alisema tukimngoja huyo tutazika wawili.

Akatoka, nami nyuma yake. Kwa mzee wa msaragambo tulimkuta mkewe tu, anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Bibi hajamaliza kuitikia, mama ameshalitungua pembe ukutani.

"We! Rudisha! Hilo haliguswi!" Ungo ulipinduka, maharage yakatapakaa uani.

Mama akapuliza. Mara ya kwanza ilitoka sauti ya ng'ombe anayeumwa tumbo. Mara ya pili, jamani, mlima mzima uliitika. Mimi nililia. Nilijua ndiyo basi, tunafungasha.

Wakaja. Walitokea migombani, walitokea kwenye ukungu, wanaume kwa wanawake, majembe na sururu mabegani, maana pembe likilia huulizi, unabeba. Wanawake wakamtoa jirani yetu zahanati kwa machela, wakamleta pale. Mzee alifika akihema.

"Nani amepiga?"

"Mimi."

Nilisikia matone yakidondoka kwenye bati.

"Mzee wangu," mama akasema, "kesi tutaifanya, nafasi ya kesi ninyi Wapare hamuikosi. Ila kwanza mchimbieni huyu njia."

Mtu mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Mzee hakucheka. Alimtazama yule mwanamke kwenye machela, akavua koti, akashika jembe.

Mpaka leo naiona safari ile. Mbele watu wanachimba, nyuma machela inasogea, na pembeni mama yangu, matope magotini, mkono mmoja haubanduki kwenye lile tumbo, anambembeleza mtoto kwa Kirundi kama alivyonibembeleza mimi. Nilikuwa nimebeba mkoba wake. Nilimtazama nikajiuliza, hivi huyu ndiye anayenisuka nywele kila Jumapili? Nilimwogopa, na nilimpenda kupita kiasi.

Gari likafikiwa. Same wakampasua. Mtoto wa kike, na mama yake mzima.

Kesi ilikuwa palepale. Watu husema Mpare yuko radhi auze ng'ombe ashinde kesi ya kuku, nanyi msibishe, niliyaona. Wazee walikaa kwenye uwanja wa shule, kijiji kizima kimewazunguka. Mume wa yule mama aliomba, akapiga magoti. Mwishowe mzee akasimama.

"Faini hutozwa mwenyeji," alisema. "Mgeni hatozwi. Mgeni husamehewa mara moja, akirudia anaombwa aende kwao. Mama nesi ni mgeni wetu. Tumemsamehe."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikashusha pumzi. Mama akasimama.

"Sitaki kusamehewa," alisema. "Nitozeni."

Makofi yakakatika.

"Unajua unachoomba?" mzee akamuuliza. "Ukitozwa leo, pembe likilia unakuja na jembe. Na huyo binti yako akikua, naye anakuja. Na wanawe."

"Najua. Nitozeni."

Wazee wakateta kwa Chasu, lugha yao, muda mrefu, bila hata mmoja wao kucheka. Kisha wakamtoza beberu. Mume wa yule mama alitaka kumlipia, wakamkatalia. Mama aliteremka Same mwenyewe, akamnunua kwa wafugaji wa tambarare, akapanda naye mlima akimvuta kamba.

Beberu alichinjwa, akaliwa na kijiji kizima. Mama, ambaye sikuwahi kuliona chozi lake hata la kumlilia baba yangu, alikaa katikati ya wanawake akashika mfupa, akalia kwa sauti. Nilishtuka. Nilimsogelea, nikamnong'oneza kama inabidi nikafungashe nguo.

"Mtu aliyetozwa mbuzi," alisema, akifuta kamasi kwa kanga, "ahame aende wapi? Kula."