Salamu za Mzee Chumvi

Mwaro alikuwa na majina mawili, na lililojulikana zaidi si lile alilobatizwa nalo. Kwenye mabwawa ya chumvi ya Gongoni, ambako kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa akizoa chumvi kwa koleo huku buti za mpira zikimmenya vidole, msimamizi alimwita "wewe". Lakini kila Jumapili saa tisa alasiri, kutoka Gongoni hadi Junju, watu ambao hawakuwahi kumtia machoni walimjua kuwa ni Mzee Chumvi, mwanachama wa kudumu wa Baraza la Salamu katika Mkadi FM. Umaarufu wake ulifika pale pale yalipofika mawimbi ya redio. Ukikaribia Mtwapa redio ilikwaruza kidogo, Mzee Chumvi akatoweka, yakaingia mahubiri.

Baraza la Salamu lina sheria zake. Hakuna aliyeziandika kwa sababu hakuna aliyewahi kuzisahau. Unatuma ujumbe wako kwa simu, unataja watu watatu unaowasalimia, na Shukri, mtangazaji, mzaliwa wa Malindi mjini mwenye Kiswahili kilichonyooka kama shuka iliyopigwa pasi, anausoma hewani. Aliyesalimiwa sharti arudishe Jumapili inayofuata, au ile ya baadaye ikiwa amefiwa. Gongoni mtu anaweza kuiba kuku akasamehewa baada ya masika mawili. Asiyerudisha salamu hutajwa hata matangani.

Linet, binti wa kwanza wa Mwaro, alikuwa amekwenda Dammam kufanya kazi za nyumbani. Miezi ya mwanzo alipiga simu kila alipoweza. Siku moja akatuma ujumbe wa sauti kwenye simu ya Kavumbi, mwendesha bodaboda jirani yao, kwa kuwa simu ya Mwaro wakati huo ilikuwa ya vibonye na haikujua mambo hayo. Alinong'ona.

"Baba, nimekusikia. Mama wa nyumba hulala alasiri, nami huiweka Mkadi kwenye simu huku jikoni, chini chini. Shukri kalisoma jina langu. Nimelia hadi wali ukashika chini."

Mwaro alimwomba Kavumbi aurudie ujumbe ule, tena na tena, hadi Kavumbi akasema simu itaisha moto. Kumbe Mkadi FM ilikuwa imeingia kwenye intaneti, na mtu aliyeko Arabuni aliweza kuisikia kama aliyeko Kibarani. Kilichomshangaza Mwaro zaidi ni kwamba saa za Dammam na saa za Gongoni ni zile zile. Saa tisa ya huku ni saa tisa ya kule. Aliliona jambo hilo kuwa ni heshima fulani ambayo dunia ilimfanyia yeye binafsi.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata simu za Linet zikakatika. Nambari haikupatikana. Wakala aliyempeleka alisema kwanza kwamba msichana amebadilisha laini. Walipompigia tena alisema yuko salama, ila hapendi kusumbuliwa na watu wa nyumbani. Mwaro alipofunga safari hadi Mombasa kumwona uso kwa uso, alikuta kufuli mlangoni, na kando ya mlango mtu anayeuza laini za simu asiyekumbuka kuwahi kuona ofisi hapo.

Dorcas, mkewe, hakuamini hata neno moja la wakala. Mwaro aliamini lile la kwamba hapendi kusumbuliwa. Alikuwa na ushahidi. Kila Jumapili alimsalimia Linet hewani, jina la kwanza katika yale matatu, na kila Jumapili Linet hakurudisha.

Ushahidi huo wenzake waliuona pia. "Mzee Chumvi," Kavumbi alimwambia mbele ya watu, amekaa juu ya pikipiki yake, "bintiyo sasa anakula nyama ya ngamia. Salamu zetu za dagaa hazimshibishi." Watu wakacheka. Mwaro naye akacheka, maana mwanachama wa kudumu hakasiriki hadharani. Mwezi wa saba akaliondoa jina la Linet. Mahali pake akamweka Sanga, fundi wa pancha wa Kibarani, mtu ambaye hawakuwahi kuonana ila angalau alirudisha. Zilipita Jumapili nne hivyo. Dorcas alikuwa akisikiliza huku anachambua mchicha, na kila Sanga aliposalimiwa aliondoka na ungo wake akaenda kuketi nyuma ya nyumba. Jumapili ya tano Mwaro akalirudisha jina, lakini hakulirudisha bure. "Na kwa Linet aliye Arabuni," Shukri alisoma, "kama bado anamjua baba yake." Shukri akaingia haraka kwenye matangazo ya biashara.

Mwezi wa kumi zamu ya Dorcas ya kupokea fedha ilifika kwenye chama cha akina mama. Wenzake walinunua masufuria. Yeye alinunua simu ya kisasa, ili siku Linet atakapopiga waone uso. Kavumbi ndiye aliyeitayarisha, akaitia na redio za dunia nzima. Ilikuwa kubwa, hiyo dunia. Kwa wiki moja Mwaro alisikiliza mpira wa Brazil, akasikiliza Kurani kutoka Makka ingawa yeye ni Mkristo, akasikiliza mwanamke wa nchi fulani ya baridi akieleza, kwa sauti ya kubembeleza, jambo ambalo huenda lilikuwa hali ya hewa. Redio elfu arobaini, alisema Kavumbi. Hakukuwa na hata moja iliyomjua Mzee Chumvi.

Jumapili akaamua kuisikiliza Mkadi FM kama Linet alivyoisikiliza. Aliweka redio yake ya betri juu ya kigoda na simu juu ya goti. Kavumbi alikuwa amemtahadharisha kwamba ile ya simu huchelewa kama dakika moja, kwa kuwa sauti inapita Ulaya kwanza. Saa tisa na robo, kwenye kigoda, Shukri akasoma: kutoka kwake Mzee Chumvi wa Gongoni, salamu zimwendee Linet. Mwaro akaizima redio, akainamia goti akisubiri jina la mwanawe litoke Ulaya.

Simu ilikuwa ikipiga taarabu. Akasubiri dakika moja, akasubiri tatu. Wimbo ukaisha, ukaja mwingine. Kisha sauti ya mwanamume mchangamfu ikasema unasikiliza Mkadi FM, popote ulipo. Mwaro alikaa hivyo hadi saa kumi, na popote alipokuwa hapakusomwa salamu hata moja.

Dorcas akamuuliza kuna nini. Mwaro alikuwa akihesabu miezi.

Kesho yake hakwenda kwenye chumvi. Alikwenda Malindi, akapanda ngazi hadi studio, ambayo ni vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, akamkuta fundi wa mitambo aitwaye Japheth anakula mahamri. Japheth alimwamkia vizuri. Aliposikia shida yenyewe, akaona ni ndogo.

"Ile saa ya salamu, mtandaoni tunaweka muziki, mzee. Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza. Tuliona walio ng'ambo hawawajui hao watu mnaowasalimia."

"Walio ng'ambo," Mwaro alisema, "ndio hao tunaowasalimia."

Japheth aliliweka chini hamri lake.

Njia nzima ya kurudi Mwaro alijaribu kufurahi. Mwanawe hakuwa amekataa salamu za baba yake, hazikumfika. Lakini furaha ile haikuwa na pa kushika. Kwa miezi minane alikuwa na binti mwenye maringo, na binti mwenye maringo yu hai, ameshiba, anabinua midomo mbele ya friji la watu. Sasa maringo yamekwisha. Kilichobaki ni simu isiyopatikana, wakala asiyekuwepo, na msichana aliyenong'ona jikoni ili mtu asiamke. Hapo ndipo alipojiuliza, kwa mara ya kwanza, kwa nini alikuwa akinong'ona. Alitamani mno mwanawe awe anamdharau.

Alipomweleza Dorcas, Dorcas alimsikiliza hadi mwisho. "Mimi nilikuwa najua, Baba Linet," alisema. "Nilikungoja ujue."

Jumapili iliyofuata Mwaro alifika studio na viatu vya kanisani. Shukri alimpa shikamoo, akamkalisha mbele ya maikrofoni, maana alikuwa amekata shauri kwamba leo salamu hizi zisomwe na mwenyewe. Japheth aliuondoa muziki mtandaoni, akakifungulia kipindi. Pembeni mwa skrini palitokea tarakimu, akaeleza kwamba hiyo ni idadi ya wanaosikiliza kwa intaneti wakati huo.

Ilikuwa mbili.

Mwaro aliikodolea macho hadi yakatoka machozi. Akauliza, taratibu, wawili hao ni akina nani.

"Mmoja ni wewe, mzee. Simu iliyo mfukoni mwako."

Akaitoa, kweli ilikuwa inasikiliza, akaizima. Tarakimu ikafikiri kidogo, ikawa moja. Ikakaa hapo.

"Na huyu?"

Shukri alimtazama Japheth. Japheth alitazama nyaya. Angeweza kunyamaza, na huenda kwa siku nyingi baadaye alitamani angalinyamaza, lakini alikuwa mtu mkweli na swali lilikuwa la kitaalamu.

"Ni hii kompyuta, mzee. Hujisikiliza yenyewe, kuhakikisha sauti inatoka."

Taa nyekundu ikawaka. Mwaro alikuwa na karatasi aliyoiandaa wiki nzima. Hakuifungua.

"Linet," alisema, "mimi baba. Zile Jumapili nne sikulitaja jina lako. Nilidhani unasikia." Akameza mate, yakasikika kutoka Gongoni hadi Junju. "Hizi si salamu za kurudisha. Usirudishe. Zipokee tu."

Sheria ilitaka majina matatu. Alilitaja hilo hilo mara tatu, na hakuna aliyemwambia amekosea.

Gongoni kila mtu alisikia. Kavumbi alisikia akiwa kituoni, akazima pikipiki. Sanga wa Kibarani akatuma ujumbe papo hapo, salamu zote tatu kwa Linet, na baada yake wakafuata watu wengine hadi muda wa kipindi ukaisha, Shukri akiwasoma mmoja mmoja. Muda wote huo tarakimu haikusogea.

Saa kumi Japheth akanyoosha mkono kurudisha muziki. Mwaro akamshika kifundo cha mkono.

"Iache wazi," alisema.

"Hakuna mtu, mzee."

"Najua. Iache."