Uji wa Akko Kwenye Mchanga

Wiki jana nilirudi Burat, nilikokulia, kuchota mchanga. Ndiyo, mimi, mwenye karakana kubwa kuliko zote hapa Isiolo mjini, niliinama mtoni na sepetu kama kibarua, wapita njia wakinikodolea macho. Wakodoe tu. Mageti ya nusu ya mji huu nimeyachomelea mimi, na shule niliiachia darasa la nne.

Mchanga wa magunia kutoka Nairobi, wa kutengenezea kalibu, ninao tele, umechanganywa tayari na gundi ya dukani. Unashika vizuri, sikatai. Lakini ukiumwagia alumini ya moto, unanuka kama kiatu kinachoungua. Mchanga wa utotoni mwangu ulinukia uji.

Jirani yetu alikuwa fundi wa bangili. Aliyeyusha sufuria zilizotoboka, akazimwaga kwenye umbo alilochapa mchangani. Mchanga ulikuwa kazi yangu: ule laini wa mtoni, udongo wa kichuguu uliotwangwa, kisha mabaki ya uji wa akko, nyanya yangu, ya kuushikamanisha. Unaufinya kwenye ngumi, unauvunja. Ukikatika safi na alama za vidole zikabaki, uko tayari. Ukilowa sana, alumini inachemka na kukurukia. Akko alikuwa akisema, "Mchanga ni mgeni. Mpe uji, usimwogeshe."

Fundi yule alikuwa na desturi: aliyepika uji huvaa bangili kwanza, kabla mwenye bangili hajaja kuichukua. Basi akko alienda mtoni na bangili ya bibi harusi wa watu mkononi, ikigonga debe la maji, ting, ting, nasi tukajua anarudi.

"Mama, umeolewa tena leo?" fundi alimtania.

"Na wewe hujaalikwa."

Jioni aliivua. Hakuwahi kuwa na hata moja yake mwenyewe, nami niliapa nikikua nitamtengenezea. Nikakua. Nilipopata karakana, akko alikuwa ameshazikwa.

Siku hizi kichuguu kile ni ploti yenye ukuta, na wana wa fundi wanauza simu. Udongo niliutafuta mbali. Nikachonga umbo la bangili kwa mbao, nikiukumbuka mkono wa akko, nikakoroga uji mwenyewe, vijana wangu wakicheka.

"Mzee, leo tumefungua hoteli?"

Nikawaambia wachochee makaa, wanyamaze. Tulipomwaga, harufu ile ikapanda, nikasimama pale kama mtu aliyeitwa jina lake.

Bangili ilitoka safi, hata mikwaruzo ya kisu changu ilionekana. Na kwa kuwa uji niliupika mimi, wa kuivaa ni mimi. Nikaisukuma. Ikakwama kwenye vifundo vya vidole. Mikono hii iliyonipatia kila nilicho nacho ni minene mno.

Nimeitundika kwenye msumari karibu na mlango wa karakana. Upepo wa alasiri ukiipiga inagonga bati, ting, ting, na mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nageuka kuangalia nani anarudi kutoka mtoni.