Kaktasi Iliyokula Mkononi mwa Mbinya

Hapa Kilungu, ukisikia mpishi wa harusi ni Mbinya, unaenda hata kama hukualikwa. Mimi ni jirani yake, tunatenganishwa na ua wa miti tu, na nikimsifu sijipendekezi. Hakuna mtu amewahi kutoka kwake tumbo likiwa tupu. Niliwahi kwenda kumfokea kwa sababu mbuzi wake walikuwa wamemaliza kunde zangu. Akanipakulia muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa yaliyopikwa na maharagwe, nikarudi nyumbani nimeshiba na matusi yote nimeyasahau.

Mumewe, Nzau, alikuwa fundi wa mawe, mtu wa maneno machache. Alichopenda, baada ya mkewe na kanisa lake, ni kaktasi moja aliyoikuta kwenye nyumba aliyokuwa akijenga Machakos. Aliomba kipande, akakifunga kwa gazeti, akaja kukipanda ndani ya mkebe wa rangi pale barazani. Ni kaktasi isiyo na miiba ya maana, yenye majani mapana ya kuning'inia, na karibu mwaka mzima huoni sababu ya mtu kuiweka. Kisha baridi ya mwezi wa saba ikianza kulegea, inatoa ua jekundu, kubwa kama kisahani cha chai. Halikai. Leo limefunguka, kesho limelala. Nzau alikuwa anatuita majirani tuje tulione, nasi tulimcheka: mwanamume mzima na ua! Lakini tulienda.

Mwaka jana, mwanzoni, chakula kilianza kumkwama Nzau kooni. Kwanza nyama, kisha ugali, kisha hata ndizi ya kupondwa. Hospitalini walisema ni saratani ya koo la chakula, na kwamba imeshaenea. Wakamrudisha nyumbani. Akatandikiwa kitanda sebuleni, karibu na dirisha la barazani.

Hapo ndipo nilipoanza kumlilia Mbinya kuliko hata nilivyomlilia mgonjwa. Mwanamke aliyelisha kijiji kizima alikuwa ameshindwa kumlisha mumewe. Alipika supu ya kuku wa kienyeji, akaichuja kwa kitambaa, ikarudi. Alipika uji wa wimbi mwepesi mpaka ukawa maji yenye rangi. Nzau alikuwa anameza kwa ajili ya mkewe tu, huku machozi yanamtoka. Siku moja Mbinya akamuuliza anatamani nini.

"Kula sitamani, Mama Ndunge," alisema, akimwita kwa jina la binti yao. "Nataka tu kuona ua langu mara moja tena."

Basi Mbinya akapata kazi. Aliwahi kumwona mumewe akiipa ile kaktasi konzi ya samadi kavu ya mbuzi, kwa hiyo alijua inapenda mbolea. Ambacho hakukiangalia ni kwamba Nzau aliiwekea mara moja tu kwa mwaka, ua likishaanguka, halafu akaiacha na kiu yake. Mbinya ni mkulima wa mahindi, na mahindi ukitaka yazae unayalisha. Mvua ya mwezi wa nne iliposhika, akiwa anayawekea mahindi mbolea ya kukuzia, zile chembe nyeupe, kaktasi nayo ilipata fungu lake. Na wiki iliyofuata, na nyingine, na samadi juu yake.

Nayo iliitikia! Ilitoa majani mapya, manene, ya kijani cha kung'aa, yakafurika mkebe mpaka yakagusa sakafu. Mbinya alinivuta mkono nikaone.

"Muthoki, ona vile inakula! Mwaka huu si ua moja. Itajaa!"

Alikuwa anacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu Nzau augue.

Jumapili moja ya mwezi wa tano, Mbinya akiwa kanisani, nilikaa na mgonjwa. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Alielekeza kidole dirishani.

"Hiyo haitatoa ua mwaka huu," alisema. "Imenona sana. Ikishiba hivyo inafanya majani tu."

"Haiya! Na umemwambia Mama Ndunge? Si aache hiyo mbolea, bado kuna wakati!"

Alipumzika kwanza. Hata kuongea kulikuwa kazi.

"Wacha tu, Muthoki. Mimi uji umenishinda. Wacha akuwe na kitu moja yenye inakula hapa nyumbani. Na usimwambie."

Mdomo wangu hauna kufuli, kila mtu anajua. Lakini aliyeniomba alikuwa mtu anayekufa, nikanyamaza.

Baridi ikaja. Kila asubuhi Mbinya alikuwa anapitisha kidole kwenye kingo za majani, akitafuta chipukizi la ua. Alipolikosa, aliugeuza mkebe uelekee jua, akaongeza mbolea. Majirani walisifu majani, naye Nzau akasifu pia, kwa sauti ambayo ilibidi uiname ndiyo uisikie. Mwezi wa nane akatutoka, uso umeelekea dirishani. Nje kulikuwa na majani matupu.

Mvua ya vuli ilipokaribia, Mbinya alienda agroveti pale njiapanda kununua mbegu. Katika mazungumzo akamweleza mama wa duka habari za kaktasi iliyokataa. Mama yule hakuwa na nia mbaya. Alimwambia tu, hiyo mbolea ni ya majani, si ya maua, na kaktasi ukiilisha namna hiyo inasahau kuchanua. Mbinya alikuja kwangu moja kwa moja na mfuko wa mbegu mkononi, hata nyumbani kwake hakupitia.

"Ni mimi," alisema. "Aliomba kitu moja tu, Muthoki. Moja. Na ni mimi nilimnyima."

Nilidhani nina dawa. Nilimketisha, nikamwambia yote: kwamba Nzau alijua, kwamba hakukasirika hata kidogo, kwamba mwenyewe ndiye aliyesema mkewe aachiwe kitu cha kulisha. Nilingoja nione uso wake ukitulia.

"Alijua lini?"

"Mwezi wa tano."

"Mwezi wa tano," alisema. Akasimama, mbegu zikamwagika, hakuziangalia. "Mwezi wa tano ningeacha! Ningeinyima hata maji, na angeona."

Ndipo nilipomsikia, kwa mara ya kwanza tangu tujuane, akimpandishia mumewe sauti, macho yameelekea kule chini ya miparachichi tulikomzika.

"Nani alikuambia nataka kitu ya kulisha, Baba Ndunge? Kwa nini hukuniuliza? Mimi nilikuwa nataka wewe uone ua yako!"

Nilimshika mabega, nikalia naye. Hakuwa akiniuliza mimi.