Usaili Sebuleni kwa Wifi

Mama Pacha alipopata ujumbe kwamba ameitwa kwenye usaili, na kwamba usaili wenyewe utafanyika kwa video, alifanya kosa la kufurahi kwa sauti. Wifi yake, aliyekuwa chumba cha pili akijifanya anakunja nguo, alitokea mlangoni kabla furaha haijatulia. Aliomba simu, akausoma ujumbe, akaurudia, kisha akatangaza kwamba suala hilo sasa liko mikononi mwake. Hakuna aliyekuwa ameliweka huko.

Wifi huyu, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa mwanamke mwenye sifa nyingi, na alizijua zote. Kabla ya kustaafu alikuwa akipeleka chai kwenye vikao vya ofisi moja kubwa, vikiwemo vikao vya kuajiri watu, na kwa kuwa aliingia na birika na kutoka na vikombe, alijihesabu kuwa naye amesaili. Angeweza kukueleza nani alipata kazi na kwa nini. Mara nyingi sababu ilikuwa kwamba yeye mwenyewe alimwangalia mtu huyo kwa jicho jema alipokuwa akimmiminia.

Mama Pacha na mumewe, fundi friji, walihamia kwa wifi baada ya kufungwa ile kliniki ya meno ambako mama huyu alikuwa akikaa mapokezi. Walikuja kwa wiki mbili. Wiki mbili hizo sasa zilikuwa na mwaka na ushei, na wale pacha walikwisha kujifunza kupita sebuleni bila kugusa kitu. Hawakunyimwa chakula wala hawakufukuzwa, hilo lazima lisemwe. Mama Pacha alielekezwa tu namna ya kufungua friji, namna ya kufunga bomba, namna ya kuwalea watoto aliowazaa mwenyewe, na kila jioni, mbele ya mumewe, namna ambavyo watu wengine wangeshukuru. Mume, mtu wa amani, aliangalia sahani. Kazi ikipatikana wangepanga vyumba viwili, popote pale, hata uani kwa watu, mradi ufunguo uwe wao. Mama Pacha aliitaka kazi ile mpaka akawa anaiota.

Kampuni yenyewe iliuza intaneti ya majumbani, na ilitafuta watu wa kukaa ofisini kwake wakipokea simu za wateja wenye hasira. Hapa inabidi kueleza jambo moja la nyumba ile. Kile kiboksi cha intaneti kilichokaa juu ya kabati la vyombo, kwingine watu hukiita wifi na maisha yanaendelea. Kwa wifi, hapana. Siku za mwanzo Mama Pacha aliwahi kusema, bila nia mbaya, kwamba wifi imekufa, na mwenye nyumba akamnunia wiki nzima, kwa hoja kwamba mtu hatangaziwi kifo akiwa amekaa kwenye kochi lake mwenyewe. Kuelezwa tofauti ya "imekufa" na "amekufa" hakukusaidia kitu. Tangu siku hiyo kiboksi kiliitwa mtandao, na neno wifi likabaki na mwenyewe.

Maandalizi yakaanza. Kochi lilisogezwa ili ukutani, nyuma ya kichwa cha msailiwa, ionekane picha kubwa ya wifi siku ya kuagwa kazini, amekumbatia maua ya plastiki. Mama Pacha alidokeza kwamba labda ukuta mtupu ungefaa zaidi. Akajibiwa kwamba wasaili hupenda kuona mtu ametoka kwa watu. Kisha likaja koti la wifi, lenye mabega ya kupigania ubingwa, na baada ya koti yakaja mazoezi. Wifi aliuliza maswali kwa sauti nzito aliyoiazima kwa mkurugenzi wake wa zamani. Alipouliza udhaifu wa Mama Pacha ni upi, hakungoja jibu, akautaja mwenyewe, akaongeza mwingine, na kufikia wakati wa kupika alikuwa hajamaliza. Funzo lake kuu lilikuwa kusema kweli, maana wasaili, alisema, wananusa uongo hata kwenye kioo.

Siku ikafika. Kompyuta, waliyoazimwa na mteja mmoja wa mume, iliwekwa juu ya sufuria iliyofunikwa kifudifudi ili kamera ilingane na macho. Wifi alivuta kigoda akakaa pembeni ya meza, nje ya kamera lakini ndani ya kila kitu kingine, akitoa ishara kwa kidole: nyoosha mgongo, tabasamu, punguza tabasamu. Wasaili walikuwa wawili, meneja mwenye miwani na mama mmoja, afisa utumishi, mwenye uso wa upole. Mambo yalianza vizuri. Mama Pacha alieleza jinsi alivyokuwa akiwapokea watu wanaoumwa jino, watu ambao hawana simile na mtu, na afisa utumishi alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa tuchukue mfano," alisema meneja. "Ni asubuhi, uko nyumbani, na wifi yako..." Picha ikaganda, mdomo wa meneja ukabaki wazi, kisha sauti ikarudi. "...nakusumbua. Unafanya nini?"

Ile silabi moja ambayo ingemwokoa ilimezwa hewani. Mtu mwingine angesikia "inakusumbua" na kuanza kutaja nyaya na vitaa. Mama Pacha alisikia alichokuwa akikiishi. Kwanza alishangaa wamejuaje. Halafu akakumbuka picha iliyo nyuma yake, akaona kwamba kwa mtu mwenye macho hakuna cha kujua zaidi. Alimtazama wifi pale kwenye kigoda, kidole kimemgandia hewani. Akakumbuka ameagizwa kusema kweli, akapiga moyo konde.

"Nanyamaza," alisema. "Nikimjibu atanisemea kwa mdogo wake, na mdogo wake ndiye mume wangu. Kwa hiyo namwacha aseme mpaka achoke. Halafu naingia jikoni, nalia kidogo, nanawa uso, naendelea na vyombo. Mwaka wa pili huu."

Afisa utumishi alijiziba mdomo. Meneja, aliyekuwa ameinama akiandika na ambaye yaelekea alikuwa mtu wa utaratibu, hakuinua kichwa.

"Na kuizima halafu ukaiwasha upya, umejaribu?"

"Huyu hazimiki," alisema Mama Pacha.

Afisa utumishi alizima kamera yake, lakini alisahau kuzima sauti, na kicheko chake kikajaa sebule nzima. Hapo ndipo Mama Pacha alipoelewa. Jasho lilimtiririka ndani ya yale mabega. Aliomba radhi, akayajibu maswali yaliyobaki kwa utulivu wa mtu ambaye hana tena cha kupoteza, akaaga, akafunga kompyuta.

Wifi alikuwa bado amekaa.

"Kumbe unalia jikoni," alisema.

"Siku moja moja."

"Mimi nilidhani ni vitunguu."

Alinyanyuka, akaenda chumbani kwake, akaufunga mlango taratibu. Huo utaratibu ndio uliomtisha Mama Pacha kuliko kelele zote za mwaka ule. Alijiona amepoteza kazi na paa kwa pumzi moja, na aliona aibu pia, aibu ya kweli, kwa sababu mwanamke yule, pamoja na yote, aliwapokea wakati ndugu wengine walikuwa hawashiki simu.

Wiki ilipokwisha afisa utumishi alipiga mwenyewe. Alisema wengine wote walizitaja nyaya zote bila kukosea, na kwamba mambo ya nyaya yeyote anaweza kufundishwa. Mtu anayeweza kusumbuliwa mwaka mzima bila kupandisha sauti hawajawahi kumpata, na hawajui chuo kinachomtoa. Mama Pacha alianza kazi mwezi uliofuata, na mshahara wa kwanza ukapanga vyumba viwili.

Siku ya kuhama wifi alisimama nje akimweleza jirani, kwa sauti ya kufikia nyumba ya tatu, kwamba kazi ile ni yeye aliyempatia huyu, kwamba bila yeye huyu asingefika popote. Mama Pacha alikuwa amekumbatia godoro. Alifungua mdomo ampe vidonge vyake, na vya mwaka mzima vilikuwa tayari ulimini. Akautafuta uongo katika maneno yale, akaukosa.

"Kweli, wifi," alisema. "Nisingeipata kwingine."